Kamera Yangu na Kamera ya Mama Yako Mdogo

Temeke, Alhamisi, baada ya Isha

Saumu mwanangu,

Salamu tumeshapeana jikoni, kwa hiyo hapa naziruka. Habari za kuchemsha maji, kuvaa sweta kwenye baridi ya Arusha na kutomfungulia mlango mtu usiyemjua, majirani wamekuhubiria tangu juzi na mimi sina la kuongeza. Sasa hivi umetoka kwenda kuwaaga, nami nimepata nafasi ya kukaa na kalamu. Nakuandikia kwa sababu jioni hii, ulipokuwa unakunja kanga zako, uliniuliza, "Mama, naondoka na radhi yako?" nami nikakujibu, "Njoo ule, mchuzi unapoa." Swali kama hilo halijibiwi hivyo. Ulikula, ukaosha sahani, ukajitanda ukatoka, na mimi nikabaki mezani na aibu yangu.

Kesho asubuhi unapanda basi kwenda Arusha kufanya kazi kwenye studio mpya ya mama yako mdogo, na hujui kama mama yako mzazi yuko radhi au hayuko. Nitakujibu humu humu. Ila kwanza nikueleze kilichonikaba, usije ukadhani nimenuna kwa sababu unasafiri. Nina wivu, Saumu. Nimeliandika neno lenyewe mapema ili nisipate njia ya kulikwepa.

Wivu wangu kwa Tatu unaujua, maana sijawahi kuwa hodari wa kuficha sura. Tatu ni mdogo wangu wa tumbo moja, nimemlea mgongoni. Alikwenda Maskati akiwa msichana, akarudi wakati bidhaa zimeanza kuingia nchini na maduka ya Kariakoo yamejaa vitu ambavyo zamani tulikuwa tunavisikia kwa mabaharia tu. Alikuja na masanduku yake, marashi yake, na ile kamera ndogo nyeusi yenye lenzi za kubadilisha. Akapanga chumba Kinondoni, akaanza kazi ya picha za rangi. Siku ya kwanza kuja hapa alikuvisha kamera ile shingoni hata kabla hajanywa maji. "Jaribu, mwanangu," akakwambia. Mimi nilikuwa nimesimama pale na mwiko mkononi. Najua mama mdogo ni mama, wala desturi sikuitunga mimi. Lakini lile "mwanangu" alivyolitamka, kama mtu aliyekuzaa juzi hospitali ya Temeke na kukesha na wewe, lilinikata maini.

Toka siku hiyo ukawa mtu wa Kinondoni. Ukirudi hapa unazungumza kama yeye, unacheka kama yeye, hata chai ukaanza kuitia iliki nyingi kama yeye. Nikikuuliza umekula, unasema umekula kwa mamdogo. Nilikuwa nafunika sahani yako na kulala na njaa kwa hasira, upumbavu mtupu, maana aliyekuwa na njaa ni mimi na chakula kilikuwepo.

Na mimi nina kamera yangu. Uliikuta humu ndani ulipozaliwa, ndiyo maana labda hukuwahi kuitazama vizuri. Baba yako alikuwa na studio hapa hapa Temeke, na maharusi hayakumpita. Lakini siku ya singo, bibi harusi anaposuguliwa manukato na kina mama wakicheza vichwa wazi na kanga kiunoni, mwanamume hakanyagi. Watu walikuwa wanamjia, "Tunataka picha za ndani, tufanyeje?" Akaona dawa ni kunifundisha mimi. Alinifundisha kupiga, akanifundisha na kusafisha mkanda mwenyewe kwenye chumba cha giza, ili picha ya mke wa mtu isipite kwenye macho ya mwanamume yeyote, hata yake yeye. Wakati nasafisha picha za singo baba yako alikuwa anakaa nje kwenye ngazi mpaka nimalize, hagongi hodi. Alipofariki, nilipotoka eda, nilikuwa na kamera, chumba cha giza na wewe. Nimekulea kwa uaminifu ule. Kina mama wa Temeke walikuwa wananiita kwa sababu walijua picha zao zinatoka mkononi kwangu na kuingia mkononi kwao.

Sasa kuna kitu sijawahi kukwambia kuhusu hizi kamera mbili, kwa kuwa kila mara ulipotaka tuzilinganishe mimi nilikuwa naanza kuisema ya Tatu ovyo. Leo nitajaribu kusema haki.

Mkanda wangu ni mpana. Picha yake ni ya mraba, upana wa vidole vitatu, na picha ya kamera ya Tatu ingeingia ndani yake karibu mara nne. Ndiyo maana picha yangu ukiikuza mpaka ijae ukuta, bado utahesabu nyuzi za darizi. Ya Tatu ukiikuza hivyo inaanza kuchakaa, inakuwa chenga chenga. Hilo hata yeye analikubali. Kamera yangu inashikwa tumboni na unainama kuchungulia kioo kwa juu, na yule unayempiga anakuona umemwinamia, hujamkodolea. Wanawake wenye haya walikuwa wanalegea kwa ajili ya hilo tu. Inalia kidogo sana, na wakati wa kupiga huachi kumwona mtu hata kidogo. Ya Tatu ina kioo ndani kinachopanda na kushuka, inapiga kelele, na ile sekunde yenyewe ya kupiga jicho lako linazibwa.

Lakini kioo changu kinageuza kulia kuwa kushoto. Miaka yote hii, mtu akianza kutembea bado namfuata upande ambao hayupo. Mkanda wangu una picha kumi na mbili, wake una thelathini na sita. Wake unaubeba kwa mkono mmoja ukicheza, wangu unataka usimame. Hayo nilikuwa nayajua na nilikuwa nayameza.

Kisha ikaja singo ya binti yake Bi Rukia. Bi Rukia nimempiga picha tangu harusi yake mwenyewe, mikutano ya kina mama, Idi, mpaka picha ya pasipoti alipokwenda Hija. Yeye aliniita mimi kama kawaida. Binti yake akataka rangi, akamwita Tatu. Tatu akatia udhuru, akakutuma wewe na ile kamera nyeusi. Basi tukakutana ukumbini, mama na mwana, kila mtu na kamera yake.

Unakumbuka nilivyokuwa? Nilivaa lile dera la zambarau na nikakaa mbele kabisa ili kila mtu ajue nani ni nani. Nikawapanga kina mama kwenye mkeka. "Bi Rukia, tulia basi. Kidevu juu kidogo. Usicheke." Akatulia. Nikainama, nikapiga, nikasogeza mkanda. Nawe ulikuwa umeshapotea katikati ya wachezaji, nasikia tu kamera yako inalia huku na kule. Mama mmoja akanitania, "Mama Saumu, mwanao huyo mkanda atautafuna wote leo!" Nikamjibu kwa sauti ili usikie, "Mwache, ndo' kazi za kisasa hizo." Wenzake wakacheka. Ulisikia, nikakuona umeinamisha uso, na nikafurahi.

Yaliyofuata unayajua vizuri kuliko mimi. Mkanda wa rangi hatuwezi kuusafisha nyumbani, ukaupeleka mjini kwenye duka lenye mashine. Hukuwaambia kwamba hizo ni picha za ndani za kina mama, na wao hawakuuliza. Wakaipenda mojawapo, wakaikuza, wakaiweka dirishani ili wapita njia waone mashine yao inavyotoa rangi. Bi Rukia, hana mtandio, kanga imefungwa kiunoni, mikono juu, anacheka mpaka jino la dhahabu la nyuma linaonekana. Shemeji yake akapita pale akitoka msikitini Ijumaa.

Wifi yake Bi Rukia alikuja hapa na wenzake wawili. Hawakukaa.

"Mama Saumu, sie tulikuwa tunakuamini."

"Na mniamini bado."

"Kaka yangu hajala tangu jana. Mkewe kawekwa dirishani kama kitambaa cha kushonesha!"

Nawe ulikuwa umesimama kwenye pazia na sinia la juisi. Nilikuona. Na nikasema, "Mie simo. Hayo sikumfundisha mimi, kayatoa kwa mama yake mdogo." Neno hilo lilinitoka kwa urahisi wa ajabu, kwa maana nilikuwa nalitafutia nafasi muda mrefu. Ulirudi jikoni na sinia lako na juisi haikunywewa. Nilipaswa kusema, "Ni binti yangu, kosa ni letu, nakwenda kuitoa sasa hivi." Kina mama wale wangesema maneno mawili matatu na kuondoka. Badala yake nilikutoa wewe sadaka ili mimi nibaki Mama Saumu wa kuaminika. Tangu siku ile hujaniuliza kitu chochote cha kazi, na hilo ni haki yako.

Baadaye nikaenda mjini kuitoa. Hujui yaliyotokea huko, kwa sababu nilirudi nikaingia chumbani nikafunga mlango.

Nilitokea upande wa pili wa barabara na nikaiona kabla sijavuka. Ilikuwa kubwa. Nilivuka nikiwa na matusi tayari mdomoni, nikafika kwenye kioo, na nikasimama. Saumu, nilisimama pale mpaka kijana wa dukani akatoka nje.

"Shikamoo mama. Tukusaidie?"

"Marahaba. Hii picha iondoeni."

"Kuna tatizo? Watu wanaipendaga sana. Wengine wanakuja kuuliza kapiga nani."

Nikamweleza kwa upole kwamba ni mke wa mtu na ni picha za ndani. Masikini, alishtuka mpaka akakosa pa kuweka mikono. Akaiondoa mwenyewe, akanipa na negativu zote kwenye bahasha, akaomba radhi mara nyingi. Hakuwa na ubaya, hakujua.

Nyumbani niliwasha taa ya meza nikaweka negativu yako na yangu ya siku ile ile, mtu yule yule, nikachukua lenzi ya kukuzia. Nilikuwa natafuta makosa, usidhani nilikuwa natafuta kitu kingine. Na makosa yalikuwepo. Umemkata kiwiko. Ukuta wa nyuma umeinama. Mkono wa kulia umepita haraka mpaka umekuwa ukungu. Nyuma yake kuna mwanamke anakula sambusa. Yote niliyokukataza tangu ukiwa mdogo yamo kwenye picha moja. Kisha nikatazama yangu. Darizi inahesabika, vipuli vinahesabika, kila kitu kipo mahali pake, na Bi Rukia amekaa kama anasubiri kuitwa kwa daktari.

Nimemjua mwanamke yule zaidi ya miaka ishirini na sikuwahi kujua kama anacheka hivyo. Nilikuwa namwambia asicheke.

Pale ndipo nilipojua kwamba nilikuwa namsingizia Tatu. Tatu ana kamera nzuri na kazi safi, lakini picha ile asingeipiga. Mimi nisingeipiga hata ningepewa kamera yake bure. Niliyekuwa namwonea kijicho ni wewe, mtoto niliyekuzaa, niliyekushika mkono kwenye chumba cha giza na kukuonyesha jinsi sura inavyotokea ndani ya dawa. Ukiwa mdogo ulikuwa unapiga kelele ukiona uso unajitokeza, nami nilikuwa na fahari. Sasa umetoa uso ambao mimi sikuweza kuutoa, na badala ya fahari nikasikia kijiba cha roho. Sijui kama mama wengine wanayaona haya. Labda wanayaona na wanakaa kimya, na pengine wana akili kuliko mimi.

Nimejiuliza sana kwa nini mimi sikuiona ile sura. Nadhani ni miaka ile ya dhiki. Mkanda ulikuwa hauonekani madukani, karatasi ya picha tunaipata kwa kujuana, baba yako alikuwa anasafiri mpaka Mombasa kutafuta dawa. Picha ikiharibika ilikuwa msiba. Basi nikajifunza kumtuliza mtu mpaka asipumue, nikahakikisha hakuna bahati nasibu, nikapiga. Watu wakaniita fundi. Kumbe sehemu kubwa ya ufundi ule ilikuwa hofu ya kupoteza mkanda, na mikanda ilipojaa madukani hofu ikabaki na mimi. Nikataka na wewe uirithi. Kila ulipopiga picha bila kunong'ona bismillahi mara tatu nilikuwa nakufinya.

Hata hivyo kuna kitu kimoja cha kamera yangu ambacho kisikutoke, nacho hakimo kwenye upana wa mkanda. Ukienda kwa kina mama huko, mkanda wa siku hiyo usiuache mkononi kwa mtu yeyote. Piga nyeusi na nyeupe usafishe mwenyewe, au mwambie Tatu akufundishe rangi, au simama pale kwenye mashine mpaka picha ya mwisho itoke na uondoke nazo zote. Wakikuona msumbufu, wakuone. Mwanamke akicheza mbele yako kichwa wazi amekupa kitu ambacho hata kaka yake hajapewa. Wewe unaweza kukiona kuliko mimi, basi ukitunze kama nilivyokitunza mimi. Hapo tu ndipo ninapokushinda, na niruhusu nijidai kidogo.

Tatu alipokuja kukuchukulia vipimo vya mashati ya kazi alisema, "Dada, si umpe na hilo kubwa? Wewe linakulemea tu siku hizi." Nilimwambia nitafikiri. Nimefikiri, na jibu ni hapana. Kamera yangu siitoi. Mtu hazikwi kabla hajafa. Jumamosi nina shughuli Mtoni kwa Azizi Ali, bibi mmoja na wajukuu wake, wanataka picha ya ukutani, na picha ya ukutani hiyo ndogo yenu haiwezi. Nitakwenda na kamera yangu. Na nimeamua kwamba nitamwacha yule bibi acheke akitaka, hata kama nitapoteza nusu ya mkanda. Tutaona. Huenda nikaharibu, na huenda nikapata kitu ukaanza kuniogopa.

Sasa nikupe amana yako, niliyoikalia mpaka ikaniwasha. Nilipompelekea Bi Rukia ile picha na negativu, nilimkuta peke yake. Nikampa ile bahasha nikisubiri maneno. Aliitoa, akaenda nayo dirishani, akaitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Mume wangu kanuna na ana haki. Lakini mie, Mama Saumu, sijawahi kujiona hivi. Nilidhani nimeshazeeka." Akaifunga ndani ya kanga mpya, akaiweka chini kabisa ya sanduku. Kisha akanishika mkono akaniambia, "Mwambie Saumu nimemsamehe. Na mwambie Mwenyezi Mungu amempa jicho. Usisahau kumwambia."

Sikusahau. Nilikuwa na salamu hiyo kila siku nikikuona unapita na kichwa chini, unadhani kina mama wote wa Temeke wamekuchukia. Niliibana kwa sababu sikutaka uisikie kutoka kwangu, na sikutaka uisikie kabisa. Sasa umeisikia. Umesamehewa na mwenye haki ya kusamehe, na umesifiwa na mtu ambaye mimi nimempiga picha maisha yake yote. Na mimi naomba unisamehe kwa lile neno la mbele ya pazia. Ningeweza kukwambia kwa mdomo, lakini nimeshajiona jinsi ninavyojibu maswali karibu na chakula.

Nasikia sauti yako pale nje, unamalizia kuaga. Nitaifunga hii niitie ndani ya begi lako, chini ya sweta, uisome basi likishatoka, tusianze kulia stendi mbele ya watu.

Uliniuliza kama unaondoka na radhi yangu. Unaondoka nayo yote, mwanangu, sikubakisha hata tone, dunia na akhera. Wivu haujaisha na sitakudanganya kwamba utaisha kesho. Nimegundua vinakaa pamoja na havigombani. Nenda ukapige picha, Saumu. Zipige mpaka niumie nikiwa huku huku Temeke.

Mama yako mzazi